Kamera ya 2012 au ya 2019: kisa cha mpiga picha wa kupamba, Mombasa

Mpwa wangu hupiga picha za harusi za wanawake hapa Mombasa, na kazi yake kubwa ni usiku wa kupamba, yaani usiku ambao bi harusi hukalishwa jukwaani akiwa amevishwa na kurembwa, akatazamwa na wanawake wenzake katika ukumbi usioingia mwanamume. Mapema mwaka 2023 alinijia na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kutengeneza na kuuza kamera: amepata kamera mbili za fremu kamili (zenye sensa, yaani kipande kinachonasa picha, kubwa kama filamu ya zamani ya 35mm) zilizokwisha kutumika, moja ya zamani na nyingine ya miaka ya karibuni, bei zake hazipishani sana, je, achukue ipi? Nilidhani jibu ninalo. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu jibu lile halikuwa sahihi kwake, na kosa langu lilikuwa la hesabu zaidi kuliko la ufundi.

Kamera ya zamani ilikuwa Canon EOS 5D Mark III, iliyotangazwa Machi 2012 kwa bei ya dola 3,499 za Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mkononi mwa wapiga picha wa harusi popote ulipogeuka. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa hapa mjini aliyekuwa akifunga studio yake, naye alitaka shilingi 70,000. Ya pili ilikuwa Canon EOS RP, iliyotangazwa Februari 2019 kwa dola 1,299, na muuzaji wa Nairobi aliitaka shilingi 86,000 pamoja na adapta ya kufungia lenzi za EF, yaani lenzi za kamera za Canon za mtindo wa zamani. Anayezitazama bei za awali ataona ugumu ulipo: ile ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwa kamera yake, ile ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya anayeingia kwenye fremu kamili kwa mara ya kwanza, lakini kati yao ipo miaka saba, na katika kamera miaka saba ni mingi.

Mpwa wangu hakuanza mikono mitupu. Alikuwa na Canon 70D ya mwaka 2013, betri tatu za LP-E6, flashi ya Speedlite 430EX II, na lenzi tatu: EF 50mm f/1.8, EF 85mm f/1.8, na ile EF-S 18-135mm iliyokuja na kamera. Sababu ya kutaka fremu kamili ilikuwa ya haki. Vyumba vya kuvishia bi harusi katika nyumba za Mji wa Kale ni vyembamba, na kwenye 70D lenzi ya 50mm huona kama lenzi ya 80mm, kwa hiyo alikuwa akipiga picha mgongo umegusa ukuta na bado mkono wa mpakaji hina haumwenei ndani ya fremu. Zaidi ya hayo, sensa ya fremu kamili ina eneo kubwa kuliko la 70D kwa zaidi ya mara mbili na nusu, jambo ambalo kwa lenzi ileile na tundu lilelile (upenyo wa lenzi unaopitisha mwanga) humpa mpiga picha nafuu ya stopu moja na theluthi hivi ya mwanga, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili. Katika ukumbi unaowashwa taa za zambarau na kuzimwa nyingine zote pindi bi harusi anapoingia, stopu moja na theluthi si jambo dogo.

Nilipomsikiliza, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye Mark III. Betri zake ni zilezile LP-E6 alizokuwa nazo, na kwa kipimo cha kiwanda betri moja hutoa picha 950, wakati betri ndogo ya LP-E17 ya RP hutoa 250. Flashi yake ingefanya kazi yote bila upungufu, pamoja na ile miale myekundu inayomsaidia kupata fokasi gizani, ambayo kamera za EOS R, ukoo wa RP, hazikubali kuitumia kutoka kwenye flashi za zamani. Na juu ya yote, Mark III ina nafasi mbili za kadi, moja ya kadi kubwa za CF na moja ya kadi ndogo za SD, kwa hiyo kila picha inaweza kuandikwa mara mbili papo hapo. RP ina nafasi moja tu. Harusi hairudiwi, na mimi nimewahi kuletewa kadi iliyokufa na mtu aliyekuwa akilia. Nikamwambia, "Mwanangu, mtu anayelipwa kupiga harusi peke yake hafanyi kazi na kadi moja."

Akanijibu, "Mjomba, wewe unafikiria kadi kupotea. Wenye harusi wanafikiria kadi kubaki."

Ilinibidi anieleze, kwa kuwa mimi sijaingia katika ukumbi ule wala sitaingia. Katika shughuli zake nyingi simu hukusanywa mlangoni, kwa sababu waliomo ndani wamevua buibui na wamejipamba, na picha zao hazitakiwi kuonwa na mwanamume yeyote. Yeye ndiye mwenye kamera pekee. Masharti yake na familia ni kwamba shughuli ikiisha kadi zote anazikabidhi kwa mama wa bi harusi ndani ya bahasha, kisha siku ya pili anakwenda nyumbani kwao na kompyuta isiyounganishwa na intaneti, anazisafisha picha hukohuko, anaziacha hukohuko. Kwake nakala ya pili ni kinga, lakini pia ni kitu cha pili cha kuchunga. Akaniambia pia kwamba wamama wamezoea kumuuliza kama kamera yake ina Wi-Fi. 70D inayo, RP inayo Wi-Fi na Bluetooth, na huwa anawafungulia menyu akiwaonyesha kwamba imezimwa. Mark III haina kabisa ndani ya bodi yake, na hilo, nikiri, ni sifa ya kamera ya 2012 ambayo sikuwahi kuihesabu kuwa sifa.

Nafasi mbili za kadi zilibaki na uzito wake, lakini si ule niliokuwa nimezipa. Na kwa aliyewahi kuitumia Mark III, kuna jambo la kuongeza: nafasi yake ya SD haitumii ile kasi kubwa ya kuandika iitwayo UHS-I, kwa hiyo ukiandika kote kuwili kamera nzima inakwenda kwa mwendo wa kadi iliyo polepole, na mtu anayepiga mfululizo wakati bi harusi anaingia atajikuta akisubiri kitaa chekundu kizimike huku bi harusi amekwisha kupita.

Tulikwenda kuitazama Mark III pamoja. Ilikuwa imetunzwa, raba za mshikio bado zimeshika, na harufu ya kabati lenye nondo ilikuwa ya kweli kuliko maneno ya muuzaji. Menyu ya kamera hii haionyeshi idadi ya picha ambazo shata (pazia linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa) imepiga, kwa hiyo nililazimika kuiunganisha na kompyuta kwa waya na kuisoma kwa programu: 112,000 na zaidi kidogo. Canon iliikadiria shata hii kwa mizunguko 150,000. Kadirio hilo si siku ya kufa, nimeona zilizopita mbali na nimeona zilizokatika kabla, lakini lilinipa namna ya kuhesabu. Mpwa wangu hupiga picha kama 1,200 kwa usiku mmoja, kwa hiyo alikuwa amebakiwa na mikesha 31 hivi kabla ya kuingia katika eneo ambalo mtu huomba dua anapobonyeza. Kisha nikachukua tochi nikamulika ndani ya nafasi ya CF. Kadi za CF huingia juu ya safu mbili za pini nyembamba kama sindano, na pini moja ikipinda kwa kadi iliyoingizwa kwa haraka, kamera hutakiwa kufunguliwa. Pini zote zilikuwa zimesimama sawasawa. Mzee alijua ninatafuta nini, akatabasamu.

Alituachia kamera kwa siku mbili kwa heshima ya kujuana, na muuzaji wa Nairobi alikuwa ameileta RP mwenyewe alipokuja Mombasa kwa shughuli zake, kwa hiyo usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, zote mbili zilikuwa mezani kwangu. Picha za kazi za mpwa wangu sikuweza kuziona na sikuomba kuziona. Ilibidi tuutengeneze ukumbi sebuleni: taa zimezimwa, waya wa taa ndogo za rangi umepitishwa juu ya kabati, na mke wangu amekalishwa kwenye kiti na shela ya mtu. Tulitumia lenzi ileile ya 50mm katika kamera zote mbili, tundu f/2, ISO 3200, kasi 1/125, picha 40 kwa kila zoezi.

Zoezi la kwanza alikaa akatulia. Mark III ilitoa picha 36 zenye ukali kwenye jicho, RP ikatoa 38. Hapo hakuna wa kusifiwa wala wa kulaumiwa, na hata tulipozikuza picha kwenye kompyuta, megapikseli 22.3 za moja na 26.2 za nyingine hazikuonyesha tofauti ambayo mama wa bi harusi angeilipia. Nilikuta tu kwamba Mark III ilikuwa ikiweka fokasi nyuma kidogo ya jicho na lenzi hii, jambo ambalo menyu yake inaruhusu kulirekebisha, na nikalirekebisha. RP inapima fokasi juu ya sensa yenyewe, kwa hiyo maradhi hayo haiyajui.

Zoezi la pili mke wangu alitoka mlango wa jikoni akatembea kuja kwetu taratibu, kama bi harusi anavyoingizwa. Mark III ina pointi 61 za fokasi, lakini zimekusanyika katikati ya fremu, na mwanga ulipopungua zile za pembeni zilikuwa zikitafuta huku na huko. Zilipatikana picha 17 kati ya 40. Tulipofunga flashi na miale yake myekundu, zikapanda hadi 24. RP ilimshika jicho tangu mlangoni ikamfuata nalo hadi mwisho, picha 31. Kamera hii kiwanda kinasema inapata fokasi hadi EV -5 (kipimo cha mwanga, kadiri namba inavyoshuka ndivyo giza linavyozidi) kwa lenzi ya f/1.2, na ingawa lenzi yetu haikuwa na tundu kubwa kiasi hicho, bado iliona gizani kuliko ile iliyokadiriwa EV -2.

Lakini zoezi la tatu lilikuwa lake mpwa wangu, si langu. Alimwambia, "Mkaza mjomba, sasa inamisha macho." Bi harusi wa kupamba haangalii kamera, sehemu kubwa ya usiku macho yake yapo chini au yamefumbwa, maana ndiyo haya inayotakiwa. RP ilipokosa jicho lililo wazi ilishika uso, sawa, lakini mara kadhaa ilirukia nakshi za dhahabu kwenye ukingo wa shela na kutulia pale kwa furaha yake yote. Ikabidi apunguze eneo la fokasi kuwa pointi moja na kuisogeza kwa kidole juu ya skrini, kama anavyofanya kwenye 70D. Kamera mpya hapo ilikuwa haijui mila. Mke wangu kwa upande wake alisema amefanywa bi harusi mara ya pili na mahari hajayaona, akaenda kulala.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo sikulipima, nikaonyeshwa. Mpwa wangu si mrefu, na wanawake wakisimama kumzunguka bi harusi kwa vigelegele haoni kitu. Kawaida yake ni kuinua kamera juu ya vichwa kwa mikono miwili na kuigeuza skrini imtazame yeye chini. Skrini ya RP inageuka, na fokasi yake kupitia skrini ni ileile ya kitazamio. Skrini ya Mark III imegandishwa mgongoni, na fokasi yake kupitia skrini ni ya polepole mno kwa mtu anayecheza chakacha. Halafu uzito: gramu 950 dhidi ya gramu 485, pamoja na betri na kadi, bila lenzi. Aliziinua juu ya kichwa moja baada ya nyingine, akaishusha Mark III kwanza.

Pamoja na hayo yote bado nilikuwa nikielekea Mark III, kwa sababu ya kadi na betri, mpaka tulipokaa na karatasi. Alikuwa na shilingi 95,000 za mzunguko wa chama, na alikuwa ameapa kutokopa. Mark III ilikuwa 70,000. Lakini lenzi yake ya 18-135mm ni ya EF-S, na lenzi za EF-S haziingii kabisa kwenye bodi ya Mark III. Angebaki na 50 na 85 tu, hana kitu cha kuonyesha ukumbi mzima wala jukwaa na wote waliolipanda. Lenzi ya EF 24-105mm f/4L iliyotumika niliyoweza kumpatia ilikuwa 44,000. Kadi ya CF na kisoma kadi chake, 8,000. Jumla 122,000. Tulitafuta njia ya mkato, tukapata EF 28-135mm ya bei nafuu, lakini nilipoimulika kwa tochi kutoka nyuma niliona nyuzi za ukungu zimetanda ndani ya kioo cha mbele kama mizizi, ugonjwa wa mji wetu huu wa unyevu na chumvi. Hiyo tuliirudisha. Njia iliyobaki ni ile aliyoitaja mzee mwenyewe: atoe 70D na lenzi yake ya 18-135mm, vihesabiwe ndani ya bei.

RP na adapta yake ilikuwa 86,000, betri tatu za ziada zisizo za Canon 7,500, jumla 93,500. Na 18-135mm inaingia kwenye RP kupitia adapta. Kamera huikata picha yenyewe ikabaki megapikseli 10 hivi, kiasi kinachotosha kabisa ukurasa wa albamu wa inchi 8 kwa 12, ingawa ile faida ya fremu kamili hapo huwa haipo.

Ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nikimshauri achukue kamera yenye kadi mbili ili asibaki na nakala moja, na njia pekee ya kuilipia ilikuwa kuiuza kamera yake ya pili. Angeingia ukumbini na bodi moja yenye miaka kumi na mizunguko 112,000, ina kadi mbili ndani yake, na shata ikikatika saa nne ya usiku kadi zote mbili zinakaa kimya pamoja. Mwanamume hawezi kumletea kamera nyingine hadi ndani, na fundi kama mimi ningefika mlangoni tu. Akichukua RP, 70D inabaki begani na lenzi ya 85mm, ina kadi yake na betri zake tatu za LP-E6. Matukio ambayo hayarudiwi, kuingia, kuvishwa dhahabu, kukaa jukwaani, anayapiga kwa zote mbili. Nakala mbili zinapatikana, kila moja katika kamera yake. Nilimpigia mzee simu nikamshukuru.

Msimu ulianza baada ya Idi ya Aprili. Nililoliogopa sana, betri, lilikuja dogo kuliko nilivyotabiri, kwa kuwa anapiga kwa mfululizo na kipimo cha kiwanda hudhani mtu anazima na kuwasha. Betri moja humfikisha picha 400 hivi, na tatu humaliza usiku. Nisiloliogopa ndilo lililosumbua. Kwanza, RP ikizimwa shata yake hukaa wazi na sensa hubaki uchi kila lenzi inapotolewa, na baada ya wiki tatu nilisafisha madoa manne ya vumbi. Sasa hufunga 50mm tangu jioni na haiondoi mpaka inapobidi. Pili, triga yake ya bei rahisi, kile kifaa cha kuifyatua flashi ya pembeni kwa mbali, ina pini moja tu ya katikati, kamera haiitambui, na kitazamio kikawa cheusi kwa sababu kinaonyesha picha kama itakavyotoka bila flashi. Kuzima uigaji wa mwanga katika menyu kuliliondoa tatizo, lakini alilipata jambo hilo mbele ya watu, na hiyo ilikuwa juu yangu, maana ningelijaribu dukani.

La tatu lilitokea katika ukumbi mmoja, wiki ya tano. Katikati ya kuvishwa dhahabu skrini ikaonyesha kosa la mawasiliano kati ya kamera na lenzi, na shata ikakataa. Adapta haina kioo ndani yake, watu husema haiongezi wala haipunguzi kitu, na kwa macho ya picha ni kweli. Lakini huongeza safu nyingine za vituo vya umeme, na mikono iliyokumbatiwa na wageni waliojipaka halud ilikuwa imeviacha na mafuta. Aliishusha RP, akainua 70D, akaendelea. Baada ya dakika kumi alipata nafasi ya kukaa nyuma ya pazia la jukwaa, akafungua adapta, akavipangusa vituo kwa pindo la leso kavu, na kamera ikarudi kazini. Mama wa bi harusi, ananiambia, alidhani amebadilisha kamera kwa ajili ya mandhari.

Mark III ilinunuliwa na kijana wa studio ya picha za pasipoti, ambaye kamera yake husimama juu ya tripodi mchana kutwa mita mbili kutoka kwa mtu aliyeambiwa asitikisike, na sijamsikia akilalamika. Juzi mpwa wangu amepita dukani kuuliza kuhusu lenzi ya RF 50mm f/1.8, ya mtindo mpya unaoingia kwenye RP moja kwa moja, ili aachane na adapta na auze ile 50mm ya EF kusaidia kuilipia. Nikamuuliza siku RP itakaponyamaza tena, 70D isiyoingia lenzi za RF itatazama chumba kwa lenzi gani. Akachukua karatasi ya risiti iliyokuwa juu ya meza, akaanza kujumlisha.